Hajiya Binta ana miaka 55, mpenzi wake 25, na wasomaji wenzangu wamechafukwa

Kuna riwaya inaitwa Season of Crimson Blossoms, ameandika Mnigeria Abubakar Adam Ibrahim, ilitoka 2015 na mwaka uliofuata ikachukua ile tuzo kubwa ya fasihi ya Nigeria inayotolewa na kampuni ya gesi ya NLNG, dola laki moja kwa mtu mmoja. Tumeisoma kwenye kikundi chetu, wanawake wengi na wanaume wachache, wengine wamesoma wenyewe Kiingereza na wengine nilikuwa nawasimulia kwa Kiswahili kwa meseji za sauti usiku baada ya kazi, na tangu tumalize hakuna amani. Watu wanagombana mpaka leo. Kwahiyo nimeona niandike yote hapa, maoni ya wenzangu na ya kwangu, maana mengine nimeyakubali na mengine yameniumiza kabisa.

Kwa ambaye hajasoma, kisa kiko hivi. Hajiya Binta Zubairu ni mjane, Muislamu wa kaskazini mwa Nigeria, ana miaka 55, ana watoto wakubwa na wajukuu, anakaa Mararaba pale pembeni ya Abuja, anaenda madrasa ya wanawake, anajiheshimu. Siku moja kijana anaruka ukuta anaingia kumuibia, anamwekea kisu shingoni. Kijana anaitwa Hassan lakini mtaani ni Reza, ana miaka 25, anauza bangi na ana genge lake kwenye kijiwe walichokiita San Siro kama ule uwanja wa Milan, na wanasiasa wanamtumia kwa kazi zao chafu. Pale penye kisu kukatokea kitu kati yao ambacho hakuna hata mmoja aliyekitarajia. Baadaye kijana akarudi, akarudisha baadhi ya vitu alivyoiba, na ndo yakaanza. Na yanaelezwa, msifikiri mwandishi anafunga mlango anatuacha barazani.

Sasa hasira za kwanza kabisa zilikuja kabla watu hawajafika hata mbali. Mtu mzima hovyo! Hilo ndo lilikuwa neno la wiki nzima. Bibi mzima, Hajiya, amefika Makka, anaenda hotelini na kibenteni? Dada mmoja akaandika kwamba amekifunga kitabu kwasababu anamuona mama yake mzazi. Mwingine akasema huyu Reza ni marioo tu kama marioo wengine, anatafuta hela. (Sio kweli, na angeendelea kusoma angeona, ila watu wakishampa mtu jina basi.) Mi nilinyamaza kwanza nikawaacha waseme, alaf nikawauliza kitu kimoja, je mzee wa miaka 55 akipata binti wa miaka 25 mtaani kwetu tunasemaje? Tunasema ng'ombe hazeeki maini. Tena tunacheka, tunamgongea mkono, tunakula pilau lake. Huo msemo nimeusikia tangu nikiwa mdogo na sijawahi hata siku moja kusikia unasemwa kuhusu mwanamke. Ng'ombe jike naye ana maini jamani.

Hapo kikundi kikagawanyika. Wengi wa wanawake walikubali kwamba kuna mizani mbili, lakini wakasema sawa, mizani mbili ipo, haimaanishi Binta yuko sahihi. Na hilo nalikubali. Mke wa ustadhi mmoja ambaye yuko nasi, mama ambaye namheshimu sana na ndo msomaji makini kuliko wote, alisema hivi, haramu ni haramu, iwe ya mzee iwe ya kijana, na mimi sisomi kitabu nije kuambiwa zinaa ni haki ya mtu. Nilimwelewa. Lakini nikamuonyesha kwamba kitabu chenyewe hakisemi hivyo. Binta anajua anachofanya ni dhambi, anaomba, anajitahirisha, anasononeka, anaahidi kuacha na anarudi. Mwandishi mwenyewe ni Muislamu, mzaliwa wa Jos, anaijua ile hofu kutoka ndani, haandiki kama mtalii anayewacheka watu wa dini. Mama alitafakari, siku ya pili akarudi na kusema kweli, huyu mwanamke anamuogopa Mungu kuliko wengi wanaomsema pale madrasa.

Kuna aliyeleta habari ya Bibi Khadija, kwamba mbona yeye kwa masimulizi yaliyo maarufu alikuwa na miaka 40 na Mtume (S.A.W.) alikuwa na 25, kwahiyo umri peke yake hauwezi kuwa aibu. Akajibiwa ile ilikuwa ndoa, sio hotelini. Sawasawa kabisa, na mjadala ungeishia pale kwamba tatizo sio umri ni ndoa, lakini haukuishia, maana akatokea mtu akauliza, je Binta angemleta Reza nyumbani akasema huyu anataka kunioa, wanawe wangekubali? Kimya. Mwanawe Munkaila, yule mwenye pesa, angekubali? Tena hata tukiondoa bangi na kisu tukamfanya Reza fundi seremala mswalihina, wangekubali? Hakuna aliyejibu ndiyo. Dini inamruhusu mjane kuolewa, akishamaliza eda yake ya miezi minne na siku kumi ni halali yake, wanaomzuia ni watu. Watu ndo wameshaamua mama wa miaka 55 kazi yake ni tasbihi na wajukuu.

Na mchumba halali alikuwepo! Mallam Haruna, mtu mzima mwenzake, anamposa, anapitapita na redio yake. Mke wa ustadhi alimtetea sana huyu mzee, alisema hapo ndipo Binta alipokosea, mume alikuwa mlangoni. Mi Mallam Haruna simpendi, nasema wazi. Ni mtu ambaye anamtaka Binta lakini hajawahi kumuuliza anajisikiaje, na akikataliwa ndo anakuwa mtu wa kuchungulia na kupeleka maneno. Kuolewa na yule ni kurudi kulekule alikotoka.

Na alikotoka ndo penyewe, naomba nikae hapa kidogo maana naona wasomaji wengi wamepita mbio. Binta aliozwa akiwa binti mdogo kwa mtu asiyemjua, Zubairu. Akazaa naye, akaishi naye miaka. Katika ndoa yote ile kitandani alikuwa kama godoro, mume anakuja anamaliza anageuka. Siku alipojaribu kidogo tu kuonyesha kwamba naye ana hamu, mume akashtuka na kumkemea kana kwamba amefanya uhuni. Mume huyo akaja kuuawa kwenye zile vurugu za Waislamu na Wakristo kule mji wa Jos. Kwahiyo tunaongelea mwanamke aliyeolewa, akazaa, akawa bibi, akawa mjane, na hajawahi kuguswa kwa upendo. Mwandishi kwenye sentensi ya kwanza kabisa ya kitabu anasema kwamba Binta alizaliwa akiwa na miaka 55, siku huyo kijana aliporuka ukuta. Wapo waliosema hiyo ni kejeli kwa ndoa. Mi nilipoisoma nililia, nikawafikiria akinamama wangapi nawajua wanaokwenda kuzikwa bila kuzaliwa.

Na sisi watu wa pwani tuna jambo la ajabu sana hapa. Nani anamfunda bibi harusi? Somo, kungwi, mwanamke mtu mzima. Yeye ndo anamfundisha mwari kila kitu, kujifukiza udi, kuvaa shanga, namna ya kumpokea mume, maneno ya chumbani, mambo ambayo nikiyaandika hapa nitafungiwa. Anayajua yote na tunamlipa kwa hiyo elimu. Lakini huyohuyo akifiwa na mume tunataka ile elimu ife naye, tunashangaa akivaa dera la rangi kali. Nililisema hili kwenye kikundi na mwalimu mmoja mstaafu, mjane, ana sitini na kitu, ambaye tangu tuanze kitabu alikuwa hajasema neno hata moja, akatuma sauti fupi. Alisema yeye hashangai kwamba Binta alienda na mwizi, anashangaa kwamba mwizi ndo mtu wa kwanza aliyemuuliza kama amekula. Sijui kama yale maneno yako kitabuni hivyo, nadhani ni ya kwake mwenyewe. Hakuna aliyemjibu muda mrefu.

Sasa nije kwenye lile lililowachefua watu kweli, na hapa hata mimi sikuwa na raha. Binta alikuwa na mtoto wa kwanza, Yaro, aliyepigwa risasi na polisi. Na Reza anamkumbusha Yaro. Na Reza naye mama yake alimuacha mdogo akaenda Jeddah, na Binta anamkumbusha mama yake. Mnaona ilivyo? Wasomaji walipofika hapo wengine waligoma kabisa. Huyu anatafuta mtoto na yule anatafuta mama alaf wanalala pamoja, hii ni laana, ni ugonjwa, mwandishi ametumwa. Kuna kaka mmoja alisema angevumilia kila kitu isipokuwa hili.

Mi nasema hiki ndo kitovu cha kitabu na bila hiki ingebaki chombezo tu, zile hadithi za mapenzi ya chumbani. Kule kwa Wahausa kuna desturi ya haya kati ya mama na mtoto wake wa kwanza, mama hamwiti kwa jina, haonyeshi mbele za watu kwamba anampenda. Na hata hilo Yaro si jina lake halisi, maana yake mvulana tu. Binta aliishika desturi kama alivyofundishwa. Alimpenda mwanawe moyoni akamnyima usoni, na mtoto akapotea mtaani, akafa, na mama hakuwahi kumwita jina lake kwa upendo hata mara moja. Sasa mtu kama huyo akimuona kijana wa mtaani mwenye macho yaleyale, ana kisu, ana njia ileile ya kifo, unategemea moyo wake ufanye nini? Umechanganyikiwa. Anataka kumlisha, kumrudisha shule (kweli anamhimiza sana arudi kusoma), kumkinga na polisi, na wakati huohuo mwili wake uliokuwa umelala miaka yote umeamka kwa huyohuyo. Sio safi. Mwandishi hasemi ni safi. Lakini mapenzi ya watu waliovunjika ni mara ngapi yanakuwa safi? Mtu anaolewa na mwanaume anayefanana na baba yake mkali hatusemi chochote, tunapiga vigelegele.

Nilichojifunza kwenye malumbano haya ni kwamba wale waliosikia kisa kwa sauti yangu walimhurumia Binta zaidi kuliko waliosoma wenyewe. Labda nilikuwa nampendelea kwenye kusimulia, labda ni kwasababu kisa kikisimuliwa usiku na mwanamke kinakuwa kama habari ya jirani unayemjua, na jirani unamsema lakini ukimsikia analia unaenda.

Kuhusu kurasa za moto. Wapo waliokuja kwa ajili hiyo tu, tusidanganyane, waliposikia kitabu kina mambo wakaomba kuongezwa kwenye kikundi siku hiyohiyo. Wakasema hazitoshi! Wamezoea chombezo za WhatsApp, zile za sehemu ya kwanza bure na sehemu ya pili tuma elfu moja kwa M-Pesa, ambapo kila ukurasa mtu anavua. Sizidharau, mi mwenyewe nazisoma na kuna waandishi wana vipaji sana kwenye ile kazi. Ila nimechoka na kitu kimoja kwenye chombezo zetu, mwanamke mtu mzima anayependa kijana lazima awe mchawi au shugamami mwenye gari jeusi anayewaambukiza watu, na mwisho lazima adhalilike, kijana arudi kwa binti wa rika lake mwenye figa. Sijawahi kusoma chombezo ambayo mwili wa mama wa miaka 55 unaelezwa kwa heshima, na mistari ya tumbo la uzazi, na magoti yanayouma, na bado anatamaniwa. Huyu Ibrahim ameandika hivyo. Pale ndo pana moto kwangu, kwenye aibu ya Binta kuvua mbele ya mtu mchana, na yule kijana kutoshtuka.

Halafu mjue kule kwao pia wana chombezo zao. Kano kuna vitabu vya mapenzi vya Kihausa vinaitwa littattafan soyayya, vijitabu vya bei rahisi, vingi vinaandikwa na wanawake na wasichana wanavisoma kwa kubadilishana. Mmoja wa waandishi wake wakubwa ni Balaraba Ramat Yakubu, ndugu yake Jenerali Murtala Mohammed aliyewahi kuongoza Nigeria. Mwaka 2007 gavana wa Kano wakati huo, Ibrahim Shekarau, aliongoza kuvichoma moto hadharani kwenye shule ya wasichana, kwamba vinaharibu maadili. Kwenye hii riwaya yetu mpwa wa Binta, Fa'iza, anavisoma hivyo vitabu mchana kutwa. Na sisi tusijione bora, Rosa Mistika ya Kezilahabi ilipotoka 1971 ilifanywa nini? Ilizuiliwa mashuleni, alaf miaka ikapita watu haohao wakaifundisha.

Huyo Fa'iza ana mtetezi wake kwenye kikundi. Rafiki yetu Mkenya, alikuwa mtoto wakati wa vurugu za baada ya uchaguzi wa 2007, yeye mambo ya Binta na Reza hayakumshughulisha hata kidogo. Alisema nyinyi mnabishana nani kalala na nani na kuna msichana pale nyumba hiyohiyo aliona baba yake na kaka yake wakiuawa Jos na usiku anapiga kelele usingizini na hakuna anayekaa naye, kila mtu anasema amepagawa. Alituambia Fa'iza anasoma mapenzi ya vijitabu kwasababu mle ndani hakuna anayekuja na panga. Alituandikia ujumbe mrefu sana kuhusu hilo na alinikasirikia mimi hasa, kwamba nasimulia ya hotelini kwa kirefu na ya Fa'iza kwa kifupi. Nimerudi kuzisoma zile sehemu upya na zinauma.

Wanaume wetu walitaka zaidi habari za kijiwe na za yule seneta anayemtumia Reza, walisema pale ndo wameona siasa za kwetu pia, vijana wanavyopewa hela ya soda wakapige watu alaf wanaachwa. Ni kweli ila wamesema kidogo tu, sina la kuongeza.

Mwisho wa kitabu sitauweka hapa, kuna watu hawajamaliza. Ni mchungu. Na kelele kubwa ya mwisho ilikuwa hapo, mke wa ustadhi anasema ule mwisho ni haki, aliyepanda amevuna, na wadada wengine wanamlaumu mwandishi kwamba alimpa mwanamke furaha kidogo alaf akamuadhibu kama chombezo zote zinavyofanya, kwahiyo ana tofauti gani? Hili limenisumbua kwa kweli. Nimelifikiria sana na msimamo wangu ni kwamba hakumuadhibu. Ukifuatilia vizuri utaona kinachovunja kila kitu mwishoni sio mapenzi yenyewe, ni maneno ya watu na kiburi cha mtoto wa kiume anayeona heshima ya mama ni mali yake, pamoja na wanasiasa ambao walishamuuza Reza kitambo. Wangeachwa, wangeachana wenyewe taratibu kwa namna niliyoona wanaelekea, Binta angetubia, Reza labda angeenda shule. Yule mwalimu mstaafu anakubaliana na mimi, mke wa ustadhi hakubali hata kwa mtutu, na juzi walipigiana simu wakaongea mpaka salio likaisha.

Natamani sana mtu akifasiri kwa Kiswahili, na asikate kitu. Kila sura inaanza na methali na nyingi zingekaa vizuri mdomoni mwetu, na ile harufu ya mende ambayo Binta anaisikia kila baya likikaribia, bibi yeyote wa Tanga angeelewa bila kuelezwa. Ila mfasiri awe mtu mzima, tafadhali, mtu aliyeishi.

Kinachofuata tumekubaliana kusoma Changes ya marehemu Ama Ata Aidoo wa Ghana, ya 1991, kuhusu Esi, msomi wa takwimu wa Accra anayemuacha mume wake baada ya mume kumlazimisha kitandani, alaf kwa hiari yake anaenda kuwa mke wa pili wa mtu mwingine. Nimetaja tu hilo la mke wa pili kwa hiari na tayari meseji zimejaa, kuna ambaye ni mke wa pili mwenyewe na amesema safari hii atasoma yeye, sio kusimuliwa.